Mchezaji kujiondoa wakati wa janga: maana yake, na mshahara wake

Jioni ya tarehe 8 Aprili 2020, kaunti za Kilifi, Kwale na Mombasa zilifungwa: hakuna kutoka, hakuna kuingia. Hapa Malindi kafyu tulikuwa nayo tangu mwishoni mwa Machi, na viwanja vilikuwa vimenyamaza. Kabla Aprili haijaisha, Shirikisho la Kandanda la Kenya likaufuta msimu wa ligi kuu, Gor Mahia wakapewa ubingwa. Ligi ilirudi mwishoni mwa Novemba. Vijana wa mtaani kwetu nao walipoanza tena kuitana mazoezini, mpwa wangu, ambaye ni kipa, hakwenda. Analala nyumba moja na bibi yake, yaani mama yangu, mwenye pumu na kisukari. Wenzake wakasema amegoma. Neno hilo liliniuma, maana hakugoma.

Alichofanya kinaitwa kujiondoa. Mgomaji anakataa kazi ili mwajiri abadilishe jambo, iwe mshahara, posho au kocha, na akipewa alichodai anarudi. Anayesusia anayakataa mashindano yenyewe kwa ajili ya msimamo wake. Anayejiondoa hana dai wala ugomvi na mtu. Anasema kazi hii, kwa wakati huu, inamhatarisha yeye au watu wa nyumbani kwake, na hatari ikipita atarejea. Zamani tulizoea kusikia timu nzima ikijiondoa kwenye mashindano. Korona ilimfanya mchezaji mmoja mmoja aweze kujiondoa, na papo hapo likaja suala la pesa.

Ligi za Marekani zililazimika kulijibu kwa maandishi mwaka ule ule. Katika beisboli, ambako msimu ulipunguzwa hadi mechi 60, mchezaji mwenye maradhi yanayomweka hatarini aliweza kukaa nyumbani na akapata mshahara wake wa mechi hizo. Aliye mzima akijiondoa hakupata kitu. NFL, ligi ya kandanda ya Kimarekani, iliwapa wenye maradhi dola 350,000, na wazima waliojiondoa kwa hiari dola 150,000, nazo zikiwa za kukatwa baadaye kwenye mishahara yao. Laurent Duvernay-Tardif wa Kansas City Chiefs, aliyekuwa ametoka kushinda Super Bowl, yaani fainali ya ligi hiyo, Februari ya mwaka huo, alijiondoa kwa hiari. Ni daktari, naye akaenda kuhudumia wazee huko Quebec. NBA, ligi ya mpira wa kikapu, haikumwadhibu mtu kwa kujiondoa, ila mechi alizokosa mchezaji mzima hazikulipwa.

Ukizitazama kanuni hizi utaona zote zinaanza kwa kuupima mwili wa mchezaji. Mgonjwa ni yeye? Alipwe. Si yeye? Basi ni hiari yake. Na hapo ndipo ninapokataa kabisa. Avery Bradley wa Lakers, timu ya NBA, alijiondoa kwa sababu mwanawe mwenye umri wa miaka sita alikuwa na historia ya matatizo ya kupumua. Ryan Zimmerman wa Washington Nationals, timu ya beisboli, alikuwa na mama anayeugua ugonjwa wa neva. Buster Posey wa San Francisco Giants, naye wa beisboli, alikuwa ndiyo kwanza ameasili watoto mapacha waliozaliwa kabla ya wakati. Wote watatu walikuwa wazima wa mwili, na wote walipoteza mshahara. Virusi vya korona havikuishia kwa mtu mmoja. Hiyo ndiyo sababu tuliambiwa tujitenge. Inakuwaje basi ugonjwa uhesabiwe kuwa wa kuambukiza pale serikali inapofunga kaunti, halafu uwe jambo la hiari pale kijana anapomlinda bibi yake? Kwetu Pwani, mtu anakula sinia moja na wazazi, shangazi na watoto wa jirani. Nyumba yenye mgonjwa ni nyumba iliyo hatarini, na anayetoka humo kila asubuhi kwenda kazini ahesabiwe pamoja na wagonjwa.

Wapo wanaosema asiyefanya kazi asile. Hoja hiyo naielewa, kwa sababu ndiyo desturi ya baharini. Chombo kikirudi Lamu na samaki, gharama hutolewa, mwenye chombo huchukua chake, nahodha na mabaharia hugawana kilichobaki. Ambaye hakwenda hana fungu. Lakini ule ni mgao, malipo ya kilichovuliwa. Mshahara wa mchezaji mwenye kandarasi ni kitu kingine: klabu inamlipa hata wiki isiyo na mechi, hata anapouguza goti, kwa kuwa imenunua utayari wake wa mwaka mzima. Mkimbiaji wa marathoni ndiye aliye kama baharia. Anaishi kwa zawadi na malipo ya kushiriki, kwa hiyo akijiondoa hana wa kumdai.

Aliye mzima, na nyumbani kwake wote wazima, lakini anaogopa? Huyo sioni kama anastahili mshahara kamili. Asifukuzwe, nafasi yake ihifadhiwe, bima ya matibabu iendelee. Hofu yake ni ya kweli, ila gharama yake tuigawane.

Sheria inamlinda anayekataa hatari, ingawa kwa upande wa pesa haisemi mengi. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unataka mfanyakazi aliyeondoka kazini kwa sababu ya msingi ya kuamini kuna hatari kubwa iliyo karibu asidhurike isivyostahili. Kenya ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yenye wazo hilo hilo. Mshahara unabaki kuwa jambo la kandarasi, na vijana wetu wengi wanacheza kwa nauli na chakula, bila hata karatasi moja. Mpwa wangu alikuwa na kitu kimoja tu cha kupoteza, nacho ni namba yake.

Kwa wale wanaotia sahihi, kuna kipengele kimoja ningependa wakisome mara mbili: nani anaamua kwamba uko hatarini. Elena Delle Donne, aliyekuwa wa Washington Mystics na mchezaji bora wa mwaka 2019 wa WNBA, ligi ya wanawake ya mpira wa kikapu, ana ugonjwa wa Lyme, unaoletwa na kupe, na mwaka 2020 daktari wake mwenyewe alimwona yuko hatarini. Jopo la madaktari la ligi likakataa kumpa ruhusa ya kukaa nyumbani kwa malipo. Alibaki na njia mbili, kuingia kambini au kuacha mshahara, mpaka klabu yake ilipoamua kumlipa wote.