Kwa nini mgonjwa wa moyo ananyimwa wali kabla ya kupigwa picha?

Mtu aliyezaliwa na kasoro ya moyo, akawekewa vali bandia (kilango kinachoongoza damu moyoni), anapata homa isiyokatika. Daktari anashuku bakteria wameota kwenye vali. Anamwandikia kipimo cha PET-CT, picha ya mionzi inayoonyesha sehemu za mwili zinazotumia sukari nyingi, kisha anampa sharti: asile wali, ugali, chapati, matunda wala soda. Ale nyama, mayai, samaki wa kukaanga, halafu afunge saa 12 au zaidi. Mafuta anayokatazwa mwaka mzima, leo ndiyo anayoambiwa ale!

Chanzo ni sukari. Kabla ya picha mgonjwa hudungwa FDG, aina ya glukosi iliyobandikwa florini-18 inayotoa mionzi. Chembe nyeupe za damu zikipambana na bakteria hufakamia sukari, hivyo penye maambukizi hung'aa. Tatizo, misuli ya moyo nayo ina uroho. Ikishiba wanga, moyo mzima huwaka, na kidoa kando ya vali humezwa na mwanga huo. Ikinyimwa, hugeukia mafuta, na sukari huachiwa chembe zilizo vitani.

Kwani eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, haitoshi? Ndiyo hutangulia, na mara nyingi humaliza kazi. Ila vali bandia hutupa kivuli kwenye picha yake. Tena, waliofanyiwa upasuaji wa tetralojia ya Fallot (kasoro nne za moyo za kuzaliwa nazo zinazokuja pamoja), wengi hubadilishwa vali ya mapafu, iliyo mbele kabisa, karibu na mfupa wa kidari. Hata eko ya kumeza mpira, hodari kwa vali za kushoto, huichungulia kwa mbali, maana umio hupita nyuma ya moyo. PET-CT huonyesha pia mapafu, ambako vipande vinavyomeguka kwenye vali hiyo huenda kukwama.

Mwongozo wa madaktari wa moyo wa Ulaya uliikubali kwa vali bandia mwaka 2015. Hata hivyo haiondoi haja ya kuotesha damu maabara ili kumtambua bakteria, na huweza kudanganya: kidonda kibichi cha upasuaji nacho hung'aa, kwa hiyo picha za miezi mitatu ya mwanzo husomwa kwa tahadhari.

Nguvu ya florini-18 hupungua nusu kila dakika 110. Aliyejisahau akala andazi asubuhi hupangiwa siku nyingine, na dozi yake haiwezi kuwekwa kwenye friji imsubiri.