Meza ya Juri Haihitaji Mwanasheria: Dhana Potofu kuhusu Waamuzi wa Kujitolea katika Midahalo ya Wanafunzi

Kila mara shule za Lubumbashi, hapa kwetu Kongo, zinapoandaa mashindano ya mdahalo au ya ufasaha wa kusema, wanaokosekana si wanafunzi, bali ni watu wa kuketi kwenye meza ya juri. Mwalimu anayetayarisha siku hiyo huwapigia simu wazazi, wakubwa wa parokia na majirani wenye kazi za ofisini, na jibu analolipata mara nyingi ni lile lile: «Mwalimu, mimi si mtu wa mambo hayo.» Nami nilijibu hivyo mara mbili kabla ya kukubali. Tangu hapo nimekaa kwenye meza hiyo kiasi cha kutosha kutambua kwamba wengi hukataa kwa sababu zisizo za kweli, na, jambo lililo baya zaidi, kwamba baadhi ya wanaokubali huja na imani zilezile na kuzitumia kuwapima watoto wa wenzao.

«Kazi ya juri ni ya wanasheria na maprofesa.»

Dhana hii hutunyima waamuzi kuliko nyingine zote, na historia ya mashindano yenyewe inaikanusha. Nchini Marekani, chama ambacho leo kinaitwa National Speech and Debate Association kilianzishwa mwaka 1925 kwa ajili ya shule za sekondari, na kadiri miaka ilivyopita baadhi ya midahalo yake ilifikia mahali ambapo wanafunzi walizungumza kwa kasi ya kutisha na kwa msamiati wa wenyewe kwa wenyewe, hata mzazi aliyekuja kumsikiliza mwanawe hakuambulia kitu. Mwaka 2002 ikaanzishwa aina mpya iitwayo Public Forum, yenye timu za watu 2 na hotuba zisizozidi dakika 4, kwa kusudi la wazi kwamba mtu wa kawaida, asiyewahi kusomea mdahalo, aweze kuufuata na kutoa uamuzi. Huko mzazi na jirani hawaitwi kuziba pengo la wataalamu waliokosekana. Kuwapo kwao ni sehemu ya mtihani.

Mwanafunzi anayejua kwamba mbele yake ameketi mama anayeuza samaki wakavu katika soko la Kenya (nazungumzia komini yetu, yaani sehemu ya mji wetu, si nchi), pamoja na fundi wa magari na mwalimu mstaafu, hulazimika kuieleza hoja yake mpaka ieleweke, na isipoeleweka hasara ni yake, si ya mama yule. Nathubutu kusema kwamba msomi ana hatari yake ya pekee: akisikia nusu ya hoja anayoifahamu, huimalizia mwenyewe kichwani, kisha humpa mwanafunzi alama kwa maneno ambayo hakuyasema. Anachohitaji mwamuzi mpya ni maelekezo ya nusu saa hivi kuhusu muda wa kila hotuba, namna ya kujaza karatasi ya alama, na mambo ambayo haruhusiwi kuyafanya.

«Upande wenye ukweli ndio unaoshinda.»

Hapa ndipo watu wazima wenye nia njema huharibu mashindano. Upande wa kuunga mkono na upande wa kupinga hupangwa na waandaaji au kwa kurusha sarafu, hivyo huenda mwanafunzi akatetea jambo ambalo nyumbani kwao analipinga kila siku. Mwamuzi haulizwi ni upande gani ulio sahihi duniani, bali ni upande gani uliothibitisha madai yake vizuri zaidi ndani ya chumba kile, kwa maneno yaliyosemwa pale.

Kulisema hilo ni rahisi kuliko kulitenda. Riziki yangu hutoka kwenye shughuli za forodha, na siku moja nilipangiwa chumba chenye mada iliyosema kwamba malori ya madini yazuiliwe kupita mjini Lubumbashi wakati wa mchana. Kijana wa upande wa kupinga akadai kwamba tamko la kila mzigo hujazwa kwa mkono kule Kasumbalesa, mpakani na Zambia, tena mchana tu, na kwamba ndiyo sababu malori hayawezi kungoja usiku. Nilijua kwamba sivyo, kwa kuwa matamko hayo hupitia katika Sydonia, programu ya kompyuta ya forodha, ninayoifungua kila asubuhi kabla sijamaliza chai yangu. Kalamu ilikuwa tayari juu ya karatasi ili niifute hoja yake. Nikawatazama wapinzani wake: hakuna aliyesimama, hakuna aliyeuliza. Dakika zikapita, hoja ikabaki bila jibu, nami ikanibidi niihesabu.

Waamuzi wa midahalo ya kimataifa ya vyuo vikuu wana kipimo kinachosaidia hapo: hujiweka mahali pa mpiga kura wa kawaida mwenye akili, anayefuatilia habari lakini asiye mtaalamu wa lolote. Kijana akisema kwamba Lubumbashi iko kando ya bahari, mpiga kura huyo hatamsadiki, hata kama wapinzani wamelala usingizi. Habari za Sydonia, kwa upande wake, anazijua mtu wa forodha, kwa hiyo hazina nafasi katika uamuzi. Nafasi yake ni katika maoni ya mwisho, ambako nilimwandikia kijana yule akaichunguze hoja hiyo kabla ya kuirudia mahali pengine, na nikawaandikia wapinzani wake kwamba swali moja tu lingeitikisa, nao hawakuliuliza. Ni kwa sababu hiyohiyo mwamuzi hakatizi hotuba, hamsaidii anayesahau neno, wala hatikisi kichwa pale asipokubaliana na linalosemwa. Watoto husoma uso wa mwamuzi kuliko tunavyodhani.

«Mwenye Kifaransa kitamu ndiye bora.»

Katiba yetu ya mwaka 2006 inakitaja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha 4 za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba, lakini mjini kwetu lugha hizo hazipewi kiti kilekile. Kifaransa huvaa suti. Mzazi akimsikia mtoto akitiririsha sentensi ndefu za Kifaransa bila kukwama, husadiki kwamba kilichosemwa nacho kilikuwa na akili, na mimi sikuwa tofauti naye.

Siku yangu ya kwanza tulikuwa waamuzi 3. Kijana wa shule moja ya katikati ya mji alizungumza kama msoma habari wa televisheni, huku mkono mmoja ukiwa mfukoni. Msichana wa shule moja ya komini ya Katuba alikwama mara kadhaa, akatafuta neno, akalikosa, akasema sentensi nzima kwa Kiswahili kisha akarudi kwenye Kifaransa. Nilimpa ushindi kijana bila kusita. Wenzangu wote wawili walimpa msichana, na matokeo yakawa 2 kwa 1. Nilipofika nyumbani nikiwa bado nimekasirika, nilizisoma tena karatasi zangu, nikaona jambo ambalo macho yangu yalikataa kuliona pale chumbani: upande wa msichana ulikuwa na majibu 4, moja kwa kila hoja ya kijana, na upande wa kijana ulikuwa na maneno «anasema vizuri sana», niliyoyaandika mara mbili. Nilikuwa nimehukumu sauti.

Mfano mzuri wa kugawa uzito unapatikana katika mashindano ya dunia ya midahalo ya shule, yaliyoanza mwaka 1988. Huko kila hotuba ya dakika 8 hupimwa kwa alama 100, yaani 40 kwa maudhui, 40 kwa namna ya kuwasilisha na 20 kwa mkakati. Hata pale namna ya kusema inapothaminiwa kiasi hicho, haifiki nusu. Isitoshe, maana yake ni kusikika, kueleweka na kuwatazama watu, wala si lafudhi. Jambo jingine linalowashangaza wageni ni kwamba alama hizo hutolewa kati ya 60 na 80 tu, hotuba ya wastani ikipata 70, kwa hiyo mwamuzi anayemzawadia msemaji mtamu alama 95 anavuruga hesabu yote.

Mdahalo ukiwa wa Kiswahili mtego ni uleule, ila unageuka upande. Wapo waamuzi wanaomkata alama mwanafunzi aliyesema «ku masomo» badala ya «shuleni», kana kwamba mada ilikuwa sarufi. Na kuna mtego wa kicheko, ambao sisi watu wa mji huu, tuliolelewa na michezo ya kuigiza ya kuchekesha ya kundi la Mufwankolo, tunanaswa nao kwa urahisi: mwanafunzi akichekesha ukumbi, hoja yake huonekana imekomaa. Mzaha huwaamsha wasikilizaji, nalo ni jambo jema, lakini bado inabidi utafute kilichothibitishwa.

«Nitakumbuka, kuandika ni kazi ya makarani.»

Hakuna anayekumbuka. Baada ya hotuba ya nne, kilichobaki kichwani ni cha mwisho kusemwa na cha kwanza kuchekesha. Namna ninayoitumia niliiiga kwa mwamuzi mmoja mama, mkubwa kwangu kwa umri, ambaye alinionea huruma. Karatasi hulazwa kwa upana wake, ikagawanywa kwa mistari ya wima, safu moja kwa kila msemaji. Hoja huandikwa kwa maneno mawili au matatu tu: «malori – ajali za watoto», «usiku – majambazi». Mpinzani akiijibu, jibu huandikwa kwenye safu yake, mkabala na hoja ile, na mshale huunganisha viwili hivyo. Upande mmoja hupewa wino wa buluu, mwingine mwekundu. Mwishoni unafuata mishale kwa kidole: ile inayokwenda na kurudi inaonyesha mahali walipopambana kweli, na hoja isiyo na mshale huzungushiwa duara, maana iliachwa bila kujibiwa. Sasa linabaki swali moja, nalo ndilo zito: kati ya zile zilizobaki zimesimama, ipi ina uzito zaidi kwa mada hii? Duara 3 juu ya mambo madogo haziishindi hoja moja iliyobeba mada nzima. Hapo ndipo mwamuzi hufikiri; mengine yote ni kuandika. Njoo na kalamu ya akiba, na kaa karibu na dirisha, kwa sababu umeme hauna ratiba.

«Waamuzi hukaa pamoja wakapatana, na ikishindikana hutoa sare.»

Inategemea aina ya mashindano, na ni vizuri kuuliza mapema. Katika midahalo mingi ya shule kila mwamuzi hujaza karatasi yake peke yake, bila kunong'onezana na jirani, na idadi yao huwa 1 au 3 au 5 ili kura zisilingane. Katika mfumo wa mdahalo unaoitwa Bunge la Uingereza, wenye timu 4 chumbani, waamuzi hujadiliana na kuzipanga timu kuanzia ya kwanza hadi ya nne. Sare haipo katika yote mawili. Najua inauma kumpa mmoja wakati wote wawili wametoka jasho, lakini mwamuzi anayetafuta kuwafurahisha wote amekataa kazi aliyoitiwa.

«Hotuba iliyokaririwa ni udanganyifu.»

Hapana. Zipo hotuba ambazo kanuni zake zinataka mwanafunzi aziandike na kuzikariri. Katika mashindano ya Marekani hotuba ya namna hiyo hupewa dakika 10. Zipo pia zile ambazo mwanafunzi huchota maswali 3, akachagua moja, akajitayarisha kwa dakika 30 na kuzungumza kwa dakika 7. Kumlaumu wa kwanza kwa kukariri ni sawa na kumlaumu mwanakwaya kwa kuujua wimbo.

«Ni lazima niwe na siku nzima, na nisimfahamu mtoto yeyote.»

Unaweza kuchukua raundi mbili ukaenda zako, mradi uwe umesema mapema, kwa maana anayetoweka katikati ya ratiba huwaacha watoto wamesimama kwenye varanda. Raundi ya Public Forum humalizika kwa kama dakika 45. Kuhusu kufahamiana, katika mji ambamo kila mtu ni shemeji wa mtu, hakuna asiyefahamu mtoto. Unamwambia mwandaaji kwamba shule fulani anasoma mwanao au mpwa wako, naye anakupangia chumba kingine.

«Mwamuzi asiye mkali hamsaidii mtoto.»

Ukali wa sauti ni rahisi, na mara nyingi huficha karatasi tupu. Maoni kuhusu nguo, umbo, kabila au lafudhi hayana mahali hapa. «Ongeza bidii» nayo haimsaidii mtu, kwa sababu mwanafunzi hajui aiongeze wapi. Kinachofaa ni kutaja mahali: «Hoja yako ya pili ilijibiwa mwanzoni mwa hotuba yao ya pili, nawe hukuirudia, kwa hiyo niliiondoa.» Mtoto anaweza kulikataa hilo, na akilikataa ana haki ya kuonyeshwa.

Mwezi wa tatu msichana mmoja aliyeshindwa alinifuata nje ya darasa, akiwa ameshika karatasi ya maoni yangu kwa mikono miwili. «Papa, samahani. Hapa umeandika kwamba niliiacha hoja ya majambazi. Niliijibu.» Nilitoa karatasi yangu ya mishale, nikaitandaza juu ya kiti cha pikipiki ya mlinzi. Tulifuata wino mwekundu pamoja mpaka kwenye safu yake, na mkabala na neno «majambazi» palikuwa peupe. Alipatazama kwa muda. Kisha akaomba kalamu, akaandika pale pale maneno matatu, akasema, «Hili nililisema kwa mwenzangu mezani, sikulisema mbele,» na prefe, mkuu wa shule, akaita majina ya raundi inayofuata.