Vitamini B12 ikiwa juu, usiwasingizie dagaa

"Mimi nakula sana dagaa na migebuka, ndiyo maana B12 yangu iko juu." Hapa Kigoma kauli hii inafika kwenye dirisha la maabara kila mara, na anayeitamka huwa amefurahi. Safari hii nimeona niiandikie, kwa sababu inafanya mtu akunje karatasi na kwenda zake wakati majibu yenyewe ya kipimo cha damu yanauliza swali.

Dagaa wana B12 nyingi, hilo halina ubishi. Tatizo ni kwamba utumbo hauipokei yote. B12 ya chakula inahitaji protini maalumu inayotengenezwa tumboni ili ipokelewe, na njia hiyo inajaa kwenye mikrogramu 1.5 hadi 2 kwa mlo. Inayozidi hapo hupenya kwa takriban asilimia 1 tu. Kwa hiyo ukiongeza sahani ya pili ya dagaa, damu haioni tofauti kubwa. Maabara nyingi huweka kiwango cha kawaida kati ya 200 na 900 pg/mL (pikogramu kwa mililita). Mtu akija na 1,400 akaniambia ni samaki, sikubali mpaka mengine yote yameondolewa.

La kwanza kuondoa ni sindano. Ile sindano nyekundu ya neva mara nyingi ina mikrogramu 1,000 za B12 kwenye ampuli moja, na mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 kwa siku. Baada ya kuchomwa, kipimo kinaweza kubaki juu kwa wiki nyingi, hata miezi. Kosa letu wahudumu ni namna tunavyouliza. Ukimuuliza mama "unatumia vitamini?", atasema hapana, na hadanganyi, kwa sababu yeye alichomwa "sindano ya mgongo". Uliza hivi: miezi mitatu iliyopita ulichomwa sindano yoyote ya mgongo, ganzi au uchovu? Ulikunywa vidonge vya kuongeza damu au vinywaji vya nguvu? Kisha andika tarehe kwenye fomu ya kipimo. Fomu nyingi zinakuja na neno "B12" peke yake, na aliyeko maabara anabaki kukisia.

Hapo kwenye sindano kuna jambo linaloniumiza zaidi. B12 inayozidi sehemu kubwa hutoka kwenye mkojo, na haijulikani kuwa na sumu. Lakini dawa hizo za neva hubeba pia B6, mara nyingi miligramu 100. Ukimeza kiasi hicho kila siku kwa miezi, B6 yenyewe inaweza kuharibu neva, na dalili zake ni ganzi na moto wa nyayo. Mtu alianza dawa kwa ajili ya ganzi, ganzi inaongezeka, naye anaongeza dawa. Anayetumia hivyo arudi kwa daktari, asiongeze dozi.

Sasa tuseme hakuna sindano, vidonge wala kinywaji. Hapa ndipo karatasi haitakiwi kukunjwa. B12 kwenye damu hubebwa na protini mbili. Haptokorini hushika kati ya asilimia 70 na 80, na hiyo seli nyingi haziwezi kuitumia. Inayoingia kwenye seli ni ile iliyobebwa na transkobalamini. Kipimo cha kawaida hujumlisha zote. Kwa hiyo namba inaweza kupanda kwa sababu wabebaji wameongezeka, au kwa sababu ghala limevuja.

Ghala ni ini. Seli zake zikiharibiwa na homa ya ini, pombe, sirosisi au kansa, B12 iliyohifadhiwa humwagika kwenye damu. Wabebaji huongezeka pale chembe nyeupe zinapozaliana kupita kiasi, kama kwenye kansa ya damu ya CML, kwa sababu chembe hizo hutengeneza haptokorini. Figo zikishindwa kazi pia namba hupanda. Kwa hiyo ninachoomba ni FBP (picha kamili ya damu) pamoja na kusoma slaidi ya damu kwa darubini, ALT na AST (vipimo vya ini), kipimo cha homa ya ini B, na kreatinini (kipimo cha figo). Daktari apapase bandama. Huku kwetu bandama iliyovimba husingiziwa malaria au kichocho haraka mno. Ikiwa chembe nyeupe ni 60 (yaani 60,000 kwa mikrolita) na B12 imevuka kikomo cha mashine, hiyo si malaria.

Nimesema kikomo cha mashine. Jibu la ">2000" halina maana kwamba una 2,000. Mashine imeishia hapo.

Mashine nayo hudanganywa. Baadhi ya vipimo vya B12 hutumia biotini (vitamini B7) kwenye kemikali zake za kupimia, na mwanga ambao mashine huusoma ukipungua husomeka kama B12 nyingi. Anayemeza vidonge vya nywele na kucha vyenye mikrogramu 5,000 au 10,000 za biotini anaweza kuupunguza mwanga huo, na jibu likapanda kwa uongo. Ukiona kwenye sampuli hiyo hiyo vipimo vya tezi ya shingo vinaonyesha TSH iko chini na T4 iko juu kwa mtu asiye na dalili za tezi hiyo, uliza habari za vidonge hivyo. Aache siku mbili au tatu, mchukue sampuli upya.

Na namba ya juu haiondoi upungufu wa B12. Kingamwili za mgonjwa zinaweza kuvuruga kipimo kikatoa jibu zuri la uongo. Mwenye ganzi, MCV (ukubwa wa chembe nyekundu) zaidi ya 100 na neutrofili (aina ya chembe nyeupe) zenye kiini cha vipande vingi kwenye slaidi atibiwe upungufu huo, karatasi iseme isemavyo.

Vitamini nyingine nazo husomwa vibaya. Vitamini D kwa ufupi: angalia yuniti. 75 nmol/L ni sawa na 30 ng/mL, na watu wanaogopeshwa kwa kuchanganya hizo mbili. Jua halimzidishii mtu. Ngozi huvunja ziada. Anayevuka 150 ng/mL kwa kawaida amemeza vidonge kupita kiasi, kwa mfano kidonge cha yuniti 50,000 (IU) cha wiki akakimeza kila siku. Pimeni kalsiamu na kreatinini mara moja. Mawese nayo yasihukumiwe: viganja vinaweza kuwa njano, lakini mwili hubadilisha karotini kuwa vitamini A kwa kadiri ya mahitaji. Weupe wa macho ukiwa njano, huo ni ugonjwa wa manjano, si mawese.

Tukirudi kwenye B12, vitabu vingine huandika kana kwamba kuna namba moja inayotosha kuanza uchunguzi. Haipo. Utafiti mkubwa wa Denmark wa 2013 ulikuta kansa nyingi zaidi kwa waliozidi 800 pmol/L (takriban 1,080 pg/mL), hasa mwaka wa kwanza, lakini wengi wao hawakuwa na kansa. Mimi napendekeza hivi: vipimo vyote vikiwa safi, rudia baada ya miezi mitatu bila vidonge wala sindano. Ikibaki juu, iombe maabara kubwa ichanganye serumu na PEG (kemikali inayozamisha kingamwili) kwa ujazo sawa, izungushe kwa mashine ya kutenganisha, ipime B12 kwenye maji ya juu na kuzidisha mara mbili. Namba ikishuka sana, B12 ile ilikuwa imenaswa na kingamwili, na mtu huyo anaweza kuachwa bila kuchomwa sindano nyingine ya kutafuta ugonjwa.