Nani Amechafua Kisima? Jibu Huanzia Kwenye Chupa

Maji ya kisima yakianza kunuka petroli, lawama huenda moja kwa moja kwenye kituo cha mafuta kilicho jirani. Huenda ni haki yake. Huenda pia petroli hiyo inavuja kutoka tangi lililofukiwa zamani, upande ambao hakuna anayeutazama. Kazi ya maabara kama yetu ni kutenganisha mawili hayo kwa ushahidi unaoweza kusimama mahakamani, na ushahidi huo hupatikana au huharibika siku ya kuchota maji.

Uchafu hubeba alama za ulikotoka. Chukua naitreti, chumvi yenye naitrojeni itokayo kwenye mbolea, samadi na vyoo, ambayo ikizidi huhatarisha maisha ya vichanga. Naitrojeni ya mbolea ya viwandani huchukuliwa kutoka hewani, kwa hiyo kiasi cha isotopu yake nzito (isotopu ni atomu za elementi moja zinazotofautiana uzito), naitrojeni-15, hukaribiana na cha hewa. Kwenye samadi na vyoo kiasi hicho hupanda, kwa kuwa amonia yenye atomu nyepesi ndiyo huwahi kuruka. Kipimo hiki peke yake hakitoshi kumtia mtu hatiani: kuna bakteria wa udongoni ambao, wakivunja naitreti, nao huongeza sehemu ya naitrojeni-15 katika ile inayobaki. Ndiyo maana tunapima pia isotopu za oksijeni, kisha tunatafuta kafeini na vitamu bandia vinavyopita mwilini mwa binadamu na kuishia chooni. Vikionekana, tunageuza macho kwenye maji taka ya watu kabla ya zizi la mifugo.

Sasa fikiria maji hayo yameletwa ndani ya chupa ya soda. Mabaki ya kinywaji yanaweza kuacha vitamu vilevile tunavyovitafuta, na hakuna mashine itakayojua kuvitenganisha.

Aliyelijua hilo kuliko wengi ni mkemia wa Marekani, Clair Patterson. Alipokuwa akipima risasi, yaani ile metali nzito yenye sumu, iliyomo kwenye vimondo ili apate umri wa dunia, vipimo vyake vilivurugwa na risasi iliyotoka kila mahali: hewani, kwenye vumbi, vyombo, hata nywele. Ilimchukua miaka kusafisha kila kitu na kujenga maabara yenye hewa iliyochujwa. Mwaka 1956 alichapisha jibu, takriban miaka bilioni 4.55. Kwa uangalifu uleule, baadaye yeye na wenzake walionyesha jinsi risasi iliyokuwa ikichanganywa kwenye petroli ilivyokuwa imefika baharini na hata kwenye barafu ya Greenland. Mimi humtaja kila ninapofundisha wachukua sampuli wapya, kwa sababu kilichomsumbua ndicho kilichomfungulia njia.

Kila kipimo kina chupa yake. Sampuli ya metali hutiwa asidi ya naitriki hadi pH, kipimo cha ukali wa asidi, ishuke chini ya 2, la sivyo metali hunata kwenye kuta za chupa. Ya petroli huwekwa kwenye kichupa cha kioo, mara nyingi cha mililita 40, na kujazwa pomoni bila kubakiza hata kiputo kimoja cha hewa, maana benzini, kemikali ya petroli inayoruka upesi, hutorokea kwenye hewa hiyo. Kisima cha uchunguzi husukumwa kwanza ili maji yaliyolala bombani yatoke. Lakini tukishuku kwamba risasi inatoka kwenye mabomba ya nyumba, tunafanya kinyume: tunayataka yale maji ya kwanza yaliyolala kwa muda wa saa 6 au zaidi.

Pamoja na sampuli husafiri chupa ya maji safi kabisa, isiyofunguliwa safari nzima. Benzini ikionekana humo, pengine kwa sababu dumu la petroli lilikuwa kwenye gari hilohilo, hatuwezi kumshitaki mtu kwa benzini tuliyoikuta kwenye sampuli. Na kila mkono unaopokea boksi huandika jina, tarehe na saa.

Kwa hiyo ukishuku kisima chako, acha kunywa maji yake na uite wataalamu kabla hujakigusa. Usimwage klorini ukidhani unakisafisha: ikikutana na mabaki ya majani na udongo hutengeneza klorofomu, kemikali ambayo nayo huhesabiwa uchafu, nasi tutakuja kuikuta na kuanza kumtafuta aliyeileta. Andika tu siku na saa uliponusa harufu, kama mvua ilikuwa imenyesha, na ni visima gani vingine vinanuka na vipi havinuki.