Kabla ya kuuliza usome mara ngapi, hesabu vimelea

Karibu kila mwanafunzi anayeniletea sampuli za malaria huniuliza: nisome DNA mara ngapi ili nimwone kimelea sugu akiwa asilimia 1 tu ya wenzake? Wengi wetu tunatafuta R561H, badiliko la jeni ya kelch13 lililokwisha kuonekana Rwanda na Kagera, linalofanya artemisinini, dawa kuu ndani ya dawa mseto, ichelewe kuua vimelea. Dawa mseto ndiyo tegemeo letu, kwa hiyo swali hili naliheshimu sana.

Hesabu ya mashine inayosoma DNA ni nyepesi. Ukisoma mara 100, kuna uwezekano wa asilimia 37 usilione badiliko hilo kabisa. Ukisoma mara 300, unashuka hadi asilimia 5. Ila kuliona mara moja hakutoshi, maana mashine nayo hukosea, tuseme herufi 1 katika 1,000. Mimi hutaka lionekane angalau mara 5. Kwa sharti hilo, kusoma mara 1,000 kunakupa uwezekano wa asilimia 97 hivi wa kulipata. Hizo 1,000 ziwe kima cha chini cha kila sampuli, si wastani wa zote.

Niliwahi kuishia hapo. Kisha sampuli moja niliyoisoma mara 10,000 ikatoa asilimia 7 ya vimelea sugu, na niliporudia PCR (kudurufu DNA kabla ya kuisoma) kutoka mrija uleule ikatoa sufuri.

Tazama kile kiduara unachokata kwenye karatasi ya damu iliyokauka. Kina upana wa milimita 3, kimebeba takriban mikrolita 3 za damu. Mgonjwa akiwa na vimelea 100 kwa mikrolita, una vimelea 300. DNA yao unaiweka katika mikrolita 100 za maji, unachota 5 kwa ajili ya PCR. Hata kama hakuna kilichopotea njiani, umechota jenomu 15 tu, yaani DNA ya vimelea 15! Kwa asilimia 1, uwezekano wa kutochota sugu hata mmoja ni asilimia 86. Na akiingia mmoja kwa bahati, anaonekana kama asilimia 7. Baada ya hapo mashine inasoma nakala za nakala.

Kwa hiyo pima kwanza wingi wa vimelea. Kata viduara zaidi, yeyusha DNA katika maji machache, fanya PCR mbili tangu mwanzo. Ukimudu gharama, bandika kila molekuli ya DNA alama yake kabla ya kuidurufu, ujue umesoma jenomu ngapi hasa. Ukibaki na 15, andika kwenye ripoti kwamba unaweza kuona kimelea anayefikia asilimia 20, wala usiahidi 1.