Kiporo kilicholala nje: kukichemsha tena hakutoshi

Kuhusu viporo, swali tunalokutana nalo mara kwa mara ni hili: chakula kimelala nje usiku kucha, asubuhi kikichemshwa mpaka kitokote, kina ubaya gani? Jibu huwaudhi wengi. Moto huua bakteria, lakini sumu ambayo baadhi yao wameshaiacha chakulani haiondoki.

Chukua wali. Mchele mkavu mara nyingi huwa na spora (mbegu ngumu zilizolala) za bakteria aitwaye Bacillus cereus, na spora hizo hustahimili maji yanayochemka. Wali ukiachwa upoe taratibu kwenye sufuria, spora huamka, bakteria huzaliana na kutoa sumu iitwayo sereulidi. Maabara imeonyesha kwamba sumu hii huhimili nyuzi joto 121 kwa saa moja na nusu. Maji ya jikoni yanatokota kwenye 100. Mlaji huanza kutapika kati ya nusu saa na saa sita baada ya kula. Wengi hupona siku hiyohiyo, ingawa vimewahi kuripotiwa vifo vya watu walioharibikiwa na ini. Tambi nazo zina hatari hiyohiyo.

Bakteria mwingine, Staphylococcus aureus, yeye huishi puani na kwenye ngozi za watu wenye afya njema, na huingia chakulani kupitia mikono. Sumu yake nayo haisikii moto. Wala usitegemee pua yako: bakteria wanaochachusha chakula si lazima wawe hawa wanaowaletea watu ugonjwa, hivyo kiporo chenye sumu kinaweza kunukia vizuri kabisa.

Bakteria mmoja akigawanyika kila dakika 20, baada ya saa mbili wako 64, baada ya saa nane wamepita milioni 16. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Joto likizidi nyuzi 32, saa moja inatosha.

Sufuria kubwa ya mchuzi wa nyama ina shida yake. Katikati hubaki vuguvugu kwa saa nyingi, na bakteria aitwaye Clostridium perfringens hupenda hapo. Huyu angalau hufa kiporo kikipashwa hadi nyuzi 70 kote, ila wengi wetu hupasha juujuu tu. Gawa mchuzi kwenye vyombo vyenye kina kifupi, kisha uweke kwenye friji mvuke ukishapungua. Kusubiri upoe kabisa ni kuwapa bakteria muda. Friji iwe chini ya nyuzi 5, na kiporo kiliwe ndani ya siku tatu au nne.

Asiye na friji ana njia mbili: kukiweka chakula juu ya nyuzi 60 mpaka kiliwe, jambo linalomaliza kuni na gesi, au kupika kinachoisha kwa mlo mmoja. Sisi tunapendekeza hiyo ya pili.