Kukata na kutoboa akriliki bila kuipasua

Akriliki, ile plastiki ngumu inayong'aa kama kioo, mara nyingi hupasuka kwenye nusu milimita ya mwisho ya kutoboa. Biti ya drili imeshuka vizuri, maranda yanatoka, mkono umetulia, ncha inapochungulia tu upande wa pili, bamba linaruka, linasema "tak!", na ufa unakimbia kutoka kwenye tundu hadi ukingoni. Fundi analaumu plastiki kuwa mbovu, au bei kuwa rahisi. Mara nyingi kosa liko kwenye biti, na tena kwa sababu ni kali mno.

Niweke kazi moja mezani ili vipimo vishikike: paneli ya mbele ya sanduku la betri ya sola, milimita 300 kwa 200, kutoka kwenye bamba la akriliki la mm 3. Ina matundu manne ya bolti za M4 (zenye kipenyo cha mm 4) pembeni, tundu la mm 20 la swichi ya duara, na dirisha la mm 45 kwa 26 la mita ndogo ya volti ya kidijitali. Vifaa hivi hutofautiana kidogo, kwa hiyo pima ulivyonavyo kabla ya kuchora chochote.

Hakikisha kwanza ni plastiki gani

Madukani kila plastiki angavu huitwa Perspex, ambalo ni jina la kibiashara la akriliki. Unaweza kulitaja jina hilo ukapewa polikaboneti, na zinakatwa tofauti kabisa. Chukua kipande chembamba cha mabaki ukikunje kwa koleo, huku umevaa miwani. Akriliki itakatika ghafla, ikiacha ukingo unaong'aa kama kioo kilichovunjika. Polikaboneti itakunjika, itaweka weupe kidogo kwenye kunjo, na haitakatika. Ikikunjika, sahau njia ya kukwaruza na kuvunja ninayoieleza hapa chini. Tumia msumeno tu. Polikaboneti haipasuki ovyo, ila inakwaruzika upesi. Yanayofuata ni ya akriliki, ambayo ndiyo inayowasumbua watu.

Kukata

Anza kwa kukata, matundu yafuate. Unapovunja bamba kwenye mstari, ufa hupenda kufuata njia rahisi, na tundu lililo karibu na mstari ni mwaliko kwake. Acha karatasi au nailoni ya kinga ikae pande zote mbili hadi mwisho, na uchore juu yake.

Kwa unene wa mm 3, njia safi kuliko zote haina umeme. Banisha rula ya chuma kwa klempu, kisha vuta kisu cha kukwaruzia plastiki, kile chenye ncha ya ndoano, kuelekea kwako. Mvuto wa kwanza uwe mwepesi, wa kuweka njia tu, maana hapo ndipo kisu huteleza. Inayofuata iwe na nguvu, kila mmoja ukitoa uzi mwembamba wa plastiki. Mivuto 8 hadi 10 hukufikisha kina cha mm 1 hivi, yaani theluthi ya unene, na hicho kinatosha. Mfereji lazima utoke ukingo hadi ukingo. Watu huacha sentimita ya mwisho kwa kuogopa kukwaruza meza, na hapohapo ndipo mvunjiko unapokwenda mrama.

Kisha laza bamba, mfereji ukitazama juu, mstari wake ukae sawasawa na ukingo wa meza. Weka ubao ulionyooka juu ya sehemu inayobaki mezani, uubane, halafu sukuma sehemu inayoning'inia kwenda chini kwa mara moja, bila kusitasita. Ukisukuma polepole ufa hutangatanga. Kipande cha kutupwa kikiwa chembamba kuliko sentimita 4 hivi, mkono haupati nguvu sawa urefu wote. Panga mchoro wako usiache utepe mwembamba namna hiyo.

Unene wa mm 5 na kuendelea, au mstari wa kupinda, unahitaji jigsoo, yaani msumeno wa umeme wa mkono wenye wembe mwembamba unaopanda na kushuka, na hapa adui ni joto. Akriliki hulainika ikipita kidogo nyuzi 100 za Selsiasi, na meno ya msumeno hufika huko kwa sekunde chache. Maranda yaliyolainika hurudi kwenye mkato nyuma ya wembe, yanapoa na kuganda. Unamaliza mita nzima ya kukata, unageuka, unakuta mkato umejishona wenyewe.

Dawa yake inaenda kinyume na silika: punguza mwendo wa wembe na usukume mbele kwa uthabiti zaidi. Jino likila kipande kinene, joto huondoka pamoja na randa. Likisugua tu, joto hubaki kwenye bamba. Kwa sababu hiyohiyo wembe wenye meno madogo sana wa kukatia bati haufai, kwani vijinafasi vyake hujaa haraka. Natumia wembe wa kukatia mbao kwa mkato safi, wenye meno yaliyoachana mm 2.5 hivi, mwendo wa kati, na ule mtikisiko wa kwenda mbele na nyuma nauzima kabisa. Bamba libanwe karibu na mstari, si mbali, likiwa juu ya plaiwudi unayoikata pamoja nalo. Likipata nafasi ya kutetemeka litameguka chini.

Grainda iache mahali pake. Diski yake haikati akriliki, inaiyeyusha, na ukingo unaobaki umejaa mkazo utakaokuja kukusumbua baadaye.

Biti iliyouawa makali

Biti ya kawaida ya chuma imenolewa ili ing'ate. Uso wa mbele wa kila kali umeinama, kwa hiyo kali huingia chini ya chuma na kukiinua kama patasi. Chuma kina ukaidi wa kuizuia. Akriliki haina: biti hujivuta yenyewe kama skrubu, na tabaka jembamba la mwisho likibaki, inalinasa na kulipandisha bamba zima kwenye mzunguko wake. Hiyo ndiyo ile "tak!".

Kwa hiyo ua yale makali. Shika biti wima, chukua kijiwe laini cha kunolea au tupa ndogo ya almasi, ukilaze sambamba na mhimili wa biti, usugue uso wa mbele wa kali, ule unaotazama mfereji wa maranda. Mara 5 au 6 kila kali, kwa idadi sawa. Ipeleke biti kwenye mwanga: utaona utepe mwembamba unaong'aa, nusu milimita hivi, umesimama wima pale palipokuwa na mteremko. Ndiyo kazi yote. Biti hiyo sasa inakwangua badala ya kung'ata, na utaijua kwa mkono, kwa sababu haijivuti tena, usipoisukuma haiendi. Ipake doa la rangi ya kucha isirudi kwenye kundi la chuma, maana huko itakuwa butu.

Mwenye mashine ya kunolea na mkono mzuri anaweza pia kuifanya ncha iwe kali zaidi. Biti nyingi za dukani zina ncha ya digrii 118. Ya digrii 60 hadi 90 hutokea upande wa pili kidogo kidogo, na hilo ndilo tunalolitaka. Ila makali yasipolingana urefu, tundu litakuwa kubwa kuliko biti. Usipojiamini, ishia kwenye kuua makali.

Kwa matundu makubwa, biti ya ngazi, ile ya umbo la pia inayopanuka ngazi kwa ngazi, ndiyo chaguo langu la kwanza. Ina mifereji iliyonyooka, kwa hiyo hainasi. Angalia tu kwamba kila ngazi ina kimo kuzidi unene wa bamba, la sivyo ngazi ya pili itaanza kula juu kabla ya ya kwanza kumaliza chini. Tundu la swichi la mm 20 hutoka mviringo safi, na ukiigusisha ngazi inayofuata kidogo tu, ukingo unakuwa umeondolewa ukali.

Kutoboa

Usigonge alama kwa nyundo na senta panchi kama unavyofanya kwenye chuma. Pigo hilo ni ufa ambao bado haujaonekana. Bandika tepu ya karatasi, weka alama kwa penseli, kisha zungusha ncha ya msumari wa kutobolea kwa vidole hadi ipatikane tobwe ndogo ya kushikilia biti.

Chini ya bamba weka ubao wa MDF (wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa) ulio tambarare na ubane vyote viwili pamoja, klempu moja kila upande wa tundu. Pengo la milimita moja kati ya bamba na ubao linatosha kuharibu kazi: bamba hupinda kwa shinikizo la mkono, na biti inapotokea linaruka kurudi juu na kujichoma. Ubao wenye matundu ya kazi za zamani nao haufai, maana pale penye shimo hakuna kinachoishikilia akriliki.

Mwendo wa biti za mm 3 hadi 6 uwe kati ya mizunguko 1,000 na 1,500 kwa dakika. Mm 10, kama 700. Biti ya ngazi ikifika mm 20, 300 hadi 400. Drili nyingi za betri hazionyeshi namba, kwa hiyo kwa makadirio: gia ya 2 hadi mm 6, gia ya 1 kuanzia hapo. Sukuma polepole, inua biti kila baada ya mm 2 ili itoe maranda, na ukikaribia mwisho punguza shinikizo hadi ibaki kama uzito wa drili yenyewe.

Maranda yatakuambia kila kitu. Uzi mrefu laini unaojisokota ni dalili njema. Unga mweupe maana yake biti inasugua bila kula, sukuma kidogo zaidi. Vidonge vilivyoyeyuka vikiganda kwenye biti, umechelewa: simama, acha ipoe, isafishe, punguza mwendo. Kwenye bamba nene weka matone ya maji yenye sabuni ya vyombo kwa sponji. Usimwage maji karibu na drili ya waya.

Kitovu cha tundu kikae mbali na ukingo angalau mara mbili ya kipenyo. Kwa matundu yetu ya pembeni ya mm 5, hiyo ni mm 10. Mimi huweka 12.

Dirisha la mita lina mtego wake. Kona ya ndani iliyo kali ni mahali pa ufa kuanzia, lakini mita yenyewe ina kona za mraba. Toboa tundu la mm 3 katika kila kona, kitovu chake kikiwa mm 1 ndani ya kila mstari. Tundu litaivuka mistari kwa nusu milimita na kuimeza kona yenyewe, hivyo mita inaingia, na fremu yake ya mbele, ambayo kwa kawaida huzidi kwa mm 1.5 kila upande, inafunika yote. Kisha unganisha matundu kwa msumeno mwembamba wa mkono, mm 1 ndani ya mstari, na umalizie kwa tupa.

Kingo, dawa na bolti

Ukingo usafishe kwa mgongo wa wembe wa msumeno wa chuma: usimamishe wima na uvute, unatoa maranda membamba kama ganda la kitunguu. Halafu msasa wa 240, 400 na 600 kwa maji. Ukitaka ung'ae, dawa nyeupe ya meno kwenye kitambaa cha pamba inafanya kazi, ila inataka subira.

Usifute paneli kwa thina, spiriti, petroli wala dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Kukata na kutoboa huacha mkazo ndani ya plastiki, na kemikali hizo zikiukuta hufungua mtandao wa nyufa ndogondogo kuzunguka kila tundu, pengine siku kadhaa baadaye wakati umekwishafunga kila kitu. Gundi ya majimaji inayopakwa kwenye bolti ili nati isilegee ina madhara hayohayo, na wengi hawalijui. Tumia nati yenye pete ya nailoni ndani. Maji na sabuni yanatosha kwa usafi.

Matundu ya M4 nimeyaweka mm 5 kwa makusudi. Mita moja ya akriliki hurefuka karibu mm 2 joto likipanda nyuzi 30. Paneli yetu ya mm 300, mm 0.6. Bolti iliyobana kwenye tundu lisilo na nafasi itaipasua paneli mchana wa jua bila mtu kuigusa. Skrubu za kichwa cha kuzama zisahau, kichwa chake ni kabari. Weka bolti ya kichwa bapa na washa ya mpira, kaza hadi washa iguse, kisha rudisha robo mzunguko.

Karatasi ya kinga ichambue siku hiyohiyo ya kufunga. Ikikaa juani kwa miezi hushikamana na bamba, na kuikwangua kunakuachia mikwaruzo ambayo msumeno haukuileta.